Siku Alizolala kwa Jina la Kiprono

Jumatatu, 3 Machi

Ovaroli ya mume wangu Wafula imekataa kutakata. Nimeiloweka tangu asubuhi na bado rangi ya krimu iko kwa magoti. Nekesa anaota meno. Hataki chini, hataki mgongoni. Mgongo wangu pia haumtaki leo.

Wafula amepata kazi wiki hii. Si yake hasa, anamshikia Kiprono, ambaye amepanda kwao Molo kumsaidia mamake kupanda viazi. Mafundi wa rangi wa huku wako hivyo. Mtu akitoka haachi nafasi wazi, anatuma mkono mwingine. Leo wewe, kesho mimi. Mzee Gitau mwenye kandarasi hajali nani amekuja, bora ukuta ukauke bila madoa.

Wanapaka ghorofa huko Milimani. Mwenye nyumba alikataa kumpa Mzee kazi hadi akate bima ya wafanyakazi wake. Mzee akalalamika, akakata. Mafundi wake wakaandikwa majina. Wafula hayumo, wakati huo alikuwa Rongai akipaka ghala la mahindi. Nilimuuliza kama hiyo si shida. Akasema bima ni ya watu wanaoanguka.

Jumatano, 5 Machi

Ameanguka.

Ngazi iliteleza kwenye vigae vya veranda. Mfupa wa paja umevunjika. Si kichwa. Naandika tena, si kichwa.

Mzee Gitau alimkimbiza hospitali ya kibinafsi na pikapu, amemlaza juu ya magunia. Nilifika na Nekesa, slipa moja ya bluu na nyingine ya kijani. Mzee akanivuta kando pale getini. Akasema nisishtuke wakimwita jina lingine. "Mama Nekesa, kwa sasa mzee wako ni Kiprono. Nimemwandikisha hivyo ndio bima imlipie." Rangi ilikuwa bado mbichi kwa vidole vyake.

Nikakubali. Ile bima ya serikali tuliacha kuilipa mwaka jana. Ningekubali hata aitwe Gavana.

Alhamisi, 6 Machi

Mguu umefungwa, unavutwa na uzito. Daktari anasema atawekewa chuma, lakini wanangoja barua ya watu wa bima kwanza. Mtu wao atakuja Jumatatu kumwona mgonjwa na kuandika maelezo.

Kuna nesi mmoja, Sister Chebet. Ameona jina Kiprono kwa kitanda akafurahi kupata mtu wa kwao. Akamwambia chamgei, salamu ya Kikalenjin. Wafula, Mbukusu wa Webuye, akamjibu "poa tu, sister". Nesi akacheka hadi akashika meza. Akamwambia, "Wewe town imekumaliza kabisa. Hata salamu ya nyumbani umesahau?"

Alipoenda tulicheka na mume wangu, shuka mdomoni. Kucheka kunamuumiza mguu. Halafu nikaenda kwa mfereji kuosha chupa ya mtoto na nikalia huko. Sijui nililia nini hasa. Hofu. Na kumwita Kiprono mbele ya watu.

Ijumaa, 7 Machi

Kiprono mwenyewe amekuja nyumbani. Ameshuka kutoka Molo na udongo bado kwa kucha, amebeba nusu gunia ya viazi. Alisimama mlangoni kama mtu amekuja kuomba msamaha kwa kuwa mzima.

Hawezi kuonekana kazini. Kwa karatasi yeye amelazwa. Anajificha kwa shemeji yake na simu ameizima.

Aliniambia jina lake ni la Wafula, alitumie hadi apone, hata mwaka. Alisema hivyo akimtazama Nekesa, si mimi. Najua angetoa hata mguu kama unatoka. Nilimpikia chai. Alikunywa haraka akaenda kwa njia ya nyuma.

Nampenda kama ndugu. Na nimechoka kuficha mtu mzima kama kuku wa wizi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeogopa kuliko siku ya kuanguka.

Sister Chebet amekuja akimuuliza Wafula kama vidonda vya tumbo vilipona. Vidonda gani? Wafula hana. Kumbe Kiprono aliwahi kutibiwa hospitali hii, na faili lake la zamani ndilo limetolewa, ndilo wanaandikia. Akaendelea kusoma. Kwamba hakuna dawa inayomkataa. Kwamba ile sindano aliyodungwa wakati ule, akaitaja jina, ilimfaa, na ndiyo watatumia wakimpasua.

Hiyo sindano ndiyo ilimfurisha Wafula uso mwaka tuliooana. Koo likaanza kufunga. Nilidhani ninakuwa mjane kabla sijamaliza kupanga vyombo.

Nikaropoka kwamba hiyo inamkataa, andika inamkataa. Sister akanitazama, akaandika. Wafula aliangalia dari.

Nilimnyonyesha Nekesa kwa benchi ya nje na nikafikiria. Nimeshika hii moja kwa sababu nilikuwa hapo. Ile ambayo sitakuwa hapo? Chumba cha kupasuliwa siingii. Damu yake ni ya kundi gani kwa hilo faili? Ya nani?

Jumapili, 9 Machi

Kanisa sikuenda. Nimeenda kwa Wafula na uji na nikamwambia. Hili jina linatoka.

Alikasirika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua chuma cha mguu ni pesa ngapi. Kama najua Mzee Gitau atanyang'anywa kazi ya Milimani, na wale vijana wote wakose. Kama nataka alale hapo akingoja michango. Yote ni kweli.

Nilimpanguza mdomo. Nikamwambia, "Mimi niliolewa na Wafula. Huyo ndiye nataka arudi nyumbani."

Akageuza uso kwa ukuta. Mguu haukumruhusu kugeuza zaidi ya hapo.

Uji aliuacha. Nimeunywa mimi, sitamwaga uji.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempata Mzee Gitau stoo kwake, akikoroga rangi, kabla mtu wa bima hajafika hospitali. Nekesa mgongoni.

Nilimweleza habari ya sindano. Hakujua kuna faili la zamani. Aliacha kukoroga. Kisha akaanza kunisihi. Bima itamkataa, mwenye nyumba atamfukuza, miaka yake yote ya kupanda kutoka kubeba ngazi za watu itaisha. Aliniita msichana wangu. Sikumwonea hasira. Alidanganya kwa sababu ya mume wangu, si kwa ajili ya tumbo lake.

Lakini nilimwambia, "Mzee, useme wewe. Usiposema, nitasema mimi, na sitaki kuwa mimi."

Alivua kofia. Tukaenda.

Mtu wa bima ni msichana wa rika langu, viatu vimejaa vumbi. Mzee aliongea wima, mbele ya kitanda, kama anatoa ushuhuda. Yule msichana akaweka kalamu chini. Akasema tungeweka sahihi kwa jina lisilo la mgonjwa, huo ungekuwa ulaghai, na bima yote ingevunjwa. Wale wengine wangebaki juu ya ngazi bila kitu. Bado hakuna aliyeweka sahihi. Akasema bima inamsimamia Mzee kwa mtu yeyote anayemfanyia kazi, ila mgeni alifaa kutajwa kabla hajapanda ngazi. Ataandika ukweli, awapelekee wakubwa wake. Haahidi chochote.

Sister Chebet ndiye aliniuma. Hakupiga kelele. Alichukua lile faili akaniambia, "Mngeniulia mtu mkononi mwangu." Halafu akatoa faili jipya, akamuuliza mume wangu jina lake.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna jibu. Wafula haongei na mimi ila maji, mkojo, mto. Uchungu unamkunja uso.

Nimemwosha mgongo. Ananiacha nimwoshe. Amekonda kwa mabega. Nilichukua muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Mwenye nyumba amesimamisha kazi hadi mambo ya bima yajulikane. Vijana wameketi. Mmoja alinipita sokoni kama hanijui. Sawa.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee Gitau ameacha logbook ya pikapu, ile hati ya kuonyesha ni yake, hospitalini kama rehani ndio Wafula apasuliwe bila kungoja. Hakuniambia, nimeambiwa na kina dada wa ofisi. Nilipompigia kumshukuru, akasema yuko kwa bodaboda na ndoo mbili za rangi, tutaongea.

Ijumaa, 14 Machi

Wamempasua. Damu yake imepimwa upya. Sister Chebet alinionyesha kundi, akaniambia si la yule mwingine. Hakusema zaidi. Alinishika bega akapita.

Ametoka. Anapumua. Kitu cha kwanza alichosema ni kuuliza Nekesa amekula nini. Nikamwambia viazi. Tangu Ijumaa ile ni viazi tu.

Jumanne, 18 Machi

Wamejibu. Watalipa sehemu, si yote. Wamekubali alikuwa kazini kwa Mzee, lakini wamekata kwa sababu hakutajwa. Itakayobaki ni ya Mzee na sisi. Tutalipa polepole hadi Nekesa aende shule, pengine.

Nilidhani nitaruka. Nilikaa tu.

Mwenye nyumba amewarudisha kazini. Mzee ameweka sheria: kushikiana kutaendelea, ila jina la anayekuja linapelekwa kwa msichana wa bima kwanza, kwa simu, kabla hajagusa ngazi. Vijana wananung'unika kwamba sasa hata kuugua ni kuomba ruhusa. Kiprono amerudi kazini mchana kweupe. Wanamwita marehemu.

Jumapili, 23 Machi

Yuko nyumbani. Tumemwekea godoro sebuleni. Nekesa amemkagua, amepapasa bandeji, amelala kwa mkono wake.

Mchana kumetulia. Ameniambia bado ana hasira na mimi kidogo. Nikamwambia sawa.

Baadaye akaniomba nimnyoe ndevu, zimeanza kumwasha. Nimeleta maji ya moto na kioo. Ameinua kidevu, amefunga macho. Akasema niende polepole.

Nimeenda polepole.