Sumu Kwenye Kopo la Chai

Kolo, 6 Mei 2024

Mwanangu Noeli,

Habari za Miyuji? Gladness na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila roho inanichemka. Simu hupokei, ndiyo maana nimempa konda wa basi barua hii.

Ile sumu ya panya uliyonitumia kwenye kopo la majani ya chai niliichanganya na pumba, nikaiweka chini ya kihenge cha mtama. Jana Mtasema, mbwa wa marehemu baba yako, kailamba yote! Bado anacheza, lakini Loisi, daktari wa mifugo, kaniambia kwa simu zipo sumu zinazokaa kimya siku kadhaa kwanza. Anataka jina lililoandikwa kwenye pakiti. Pakiti uliitupa wewe. Nitajie jina, haraka.

Mama yako

Miyuji, 8 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Nilikuwa kikaoni kule Mtumba.

Sasa mama, sumu unaiweka mbwa anapofika? Mpe maziwa na yai bichi, yanakata sumu, kila mtu anajua. Tena kama anacheza, amepona. Jina silikumbuki. Nilinunua ya kwenu na ya hapa kwetu, nikaimimina kwenye makopo isimwagike, basi. Huyo Loisi asikutishe. Ni mbwa tu, nitakuletea mwingine.

Mwanao Noeli

Kolo, 10 Mei

Noeli,

Marahaba. Nimekuomba jina, umenipa hotuba.

Maziwa kanywa, mkia kautikisa, nami mjinga nikakuamini. Leo damu inamtoka puani, fizi nyeupe, hawezi kusimama. Na anayegombezwa ni mimi! Loisi anasema maziwa si dawa, tulipaswa kumpeleka siku ileile na pakiti mkononi, akiwa bado mzima. Pakiti ipi, Noeli?

Ati mbwa tu. Tangu baba yako afariki, nguruwe pori wakiingia shambani nani anawafukuza? Wewe na vikao vyako? Nenda dukani ukaulize, leo hii.

Mama yako

Miyuji, 11 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda dukani. Pakiti kama ile hii hapa, nampa konda. Nimepiga simu tangu asubuhi, hupokei. Mtasema anaendeleaje? Nijibu, mama.

Mwanao Noeli

Kolo, 13 Mei

Noeli,

Simu iliita nikiwa nachimba shimo. Nilichimba mwenyewe, nyuma ya kihenge.

Pakiti imefika. Loisi kaisoma, kisha akanionyesha chupa ya vitamini K. Ndiyo dawa ya sumu hiyo. Alimchoma alipofika hapa, lakini damu ilikuwa imeshamwisha. Angeanza kumchoma siku ya kwanza, mbwa angekuwa mlangoni hapa sasa. Nimekasirika, mwanangu, na sitakuficha.

Mbwa mwingine usilete. Kopo langu Loisi kalichukua. Ila uliandika kwamba na ya kwenu uliimimina kwenye kopo. Kama na hilo ni la majani ya chai, acha kusoma barua, inuka. Una watoto humo ndani.

Mama yako