Heshima Kubwa Kuliko Zote

Chumbani kwangu, nyuma ya kiwanda,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha dirishani, miguu imepungua kuvimba, na dawa ya macho unaitia kama daktari alivyosema, si kama unavyotaka wewe. Mimi ni mzima. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinamia meza, lakini huo si ugonjwa, ni kazi. Msalimie sana mdogo wangu, ambaye najua ndiye anayekusomea maneno haya, maana tangu arudi hapo nyumbani, na ukungu huo wa macho yako, hakuna barua iliyokufikia bila kupita kinywani mwake. Simu unasema maneno yake hayakai. Basi asome polepole, na mwisho aurudie mara mbili kama unavyopenda.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Umeniomba nikueleze kwa kirefu mdogo wangu alifanya nini hasa hata akafukuzwa kazi, kwa sababu kila ukimwuliza yeye anasema hajui, nawe umechoka kujibiwa hajui. Umesema ametuvua nguo mbele za watu. Umesema ana mdomo mchafu, na kwamba angekaa karibu nami zaidi angejifunza heshima. Maneno hayo yote ameyaandika yeye, kwa mwandiko wake mzuri, wewe ukimwambia andika. Pale penye neno heshima kalamu imetoboa karatasi.

Kazi yetu unaijua, ni mapazia. Mimi nakata. Miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye meza ile ile, chaki sikioni, mkasi mkononi, na sijawahi kukata kitambaa kikaenda upande. Mdogo wangu alipoajiriwa mwaka juzi ulisema, nakumbuka neno kwa neno, kwamba Mungu ni mkubwa, sasa na sisi tuna mtu kiwandani. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, Mama. Nilikuwa nakumenyea chungwa. Kwa maoni yangu, na unisamehe kama nakosea, hata mimi nilikuwa mtu.

Sitamnyima haki yake, ana jicho. Anaingia chumbani, hajagusa tepu, anakuambia pazia lile la tatu limepungua nusu inchi. Ukilipima, limepungua nusu inchi. Inaudhi, lakini ndivyo alivyo.

Sasa, kila Jumanne tuna kikao cha sampuli. Anakuja mnunuzi wetu mkubwa, mama wa makamo tunayemwita Bibi Miwani kwa sababu miwani yake inaning'inia shingoni kwa mnyororo. Hajui neno la Kiswahili, na anataka kila fundi atoe maoni yake kwa Kiingereza, hata kiwe cha kuokoteza. Jumanne yake ya kwanza mdogo wangu aliitazama sampuli akamwambia yule mama, kwa maneno matatu, kwamba hii ni mbaya. Tulishika vichwa. Bibi Miwani akavaa miwani, akatazama, akaona kweli ni mbaya. Akacheka. Tangu hapo akifika anamtafuta yeye kwanza.

Mwaka huu msimamizi wetu wa chumba cha kukatia alistaafu. Meneja akaniita ofisini, nami nikajifuta chaki mikononi nikidhani najua naitiwa nini. Akaniambia nafasi anataka kumpa mdogo wangu, ila ulimi wake unahitaji kulainishwa. Kwa kuwa mimi nilisoma Kiingereza cha jioni miaka miwili, nimfundishe kutoa maoni kwa adabu kabla Bibi Miwani hajaleta kazi yake kubwa ya mapazia ya hoteli. Nilisema asante. Sijui nilikuwa nashukuru nini.

Tulisomea juu ya majora ya vitambaa, saa ya chakula. Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza husemi tu kitu ni kibaya. Kwanza unasema unadhani, kisha unatia labda, kisha unatia kidogo. Akaniuliza mshono ukiwa umepinda, hiyo labda inatoka wapi. Nikamfundisha "I'm afraid", kwamba ukitaka kumpa mtu habari mbaya unaanza kwa kumwambia unaogopa. Alikataa katakata. Akauliza anamwogopa nani, pazia? Tulicheka hadi machozi, Mama. Nakuambia ili ujue kwamba tulicheka.

Mwishowe nikamfundisha heshima, kama unavyotaka ajifunze. Nikamwambia "with respect" ni kwa heshima, "with great respect" ni kwa heshima kubwa, na "with the greatest respect" ni kwa heshima kubwa kuliko zote, na hiyo ndiyo ya kumpa mtu kama Bibi Miwani. Hilo alilipenda. Akasema kumbe Kiingereza nacho kina shikamoo yake. Akasema hilo angalau si uongo, kwa sababu yule mama anamheshimu kweli. Akawa analirudia akifagia vipande, analirudia bombani akinawa. Nikamwongezea jambo moja, kwamba akiona uso wa mgeni umebadilika, aongeze heshima, asipunguze.

Jumanne yenyewe Bibi Miwani alikuja na sampuli aliyoichora mwenyewe, maua makubwa ya zambarau, ameyatia rangi kwa mkono wake. Yalikuwa mazuri, hilo niseme. Akaitandaza mezani, akamgeukia mdogo wangu, akamwuliza anaonaje. Mdogo wangu akasimama, akashika mikono mbele kama mtoto wa shule, akasema kwamba kwa heshima kubwa kuliko zote, anaona kabisa kuwa ameichora mwenyewe. Alikuwa anamsifu. Uso wa Bibi Miwani ukashuka. Mdogo wangu akauona, akakumbuka somo, akaongeza heshima kwa kuirudia ile ile kubwa kuliko zote. Mara ya tatu alitia na tabasamu. Bibi Miwani akakunja sampuli yake, akaivua miwani ikaning'inia, akatoka, na kazi ya hoteli ikatoka naye.

Meneja alitukimbiza sote wawili hadi kwenye gari tukaombe radhi. Kiingereza cha mdogo wangu kilikuwa kimemwisha kinywani, ikabidi nimtafsirie. Aliuliza kosa lake ni nini. Nami nikatafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza, kwamba anauliza kosa lake ni nini. Kioo cha gari kikapanda. Saa nane haijafika alikuwa amesharudisha mkasi na aproni.

Wiki iliyofuata nikawa msimamizi. Bibi Miwani amerudi baada ya kubembelezwa sana, na anasema mimi ndiye mwenye adabu. Hiyo ndiyo habari kamili, Mama, na sidhani kama kuna mwingine angeweza kukueleza vizuri zaidi.

Sasa wewe, mdogo wangu. Hapa usisome kwa sauti. Kohoa kidogo, mwambie Mama karatasi zimegandana.

Najua umeanza kuhisi tangu uliposoma pale kwenye majora, maana wewe una jicho. Mwalimu wetu wa jioni alitueleza siku moja, darasa zima likacheka, kwamba wenye lugha ile husema "with respect" wanapotaka kukupinga, "with great respect" wanapokuona hujui usemalo, na ile kubwa kuliko zote huiweka kwa mtu wanayemwona mpumbavu kabisa. Kadiri heshima inavyopanda ndivyo tusi linavyopanda. Nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Nilipokufundisha, daftari hilo lilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Sikukosea, mdogo wangu. Ulichomwambia yule mama, mbele ya mafundi ishirini, ni kwamba maua kama yale hayawezi kuchorwa ila na mpumbavu kama yeye, na ukamrudia ukitabasamu.

Nilikuwa na wivu. Ningeweza kukuandikia kurasa mbili za sababu, lakini neno ni hilo. Nilikusikia bombani nikasema kesho nitamwambia. Jumatatu ulinijia wewe mwenyewe ukaniomba nikusikilize mara ya mwisho. Nikakusikiliza. Nikakurekebisha matamshi.

Na ningenyamaza hadi nife, kama si ule mstari ulioupenyeza chini ya barua ya Mama kwa herufi ndogo, unaniomba msamaha kwa kuniaibisha kazini. Nilikasirika. Siku tatu nimekata vitambaa nikiwa nimekasirika. Nimekufanyia yote yale, na bado wewe ndiye unayeomba radhi, ili hata kwenye hilo uwe bora kuliko mimi.

Basi sasa unajua. Mama hajui, na kinywa anachotegemea ni chako. Ukimsomea haya, atakuuliza tangu lini dada yako akaandika mambo kama hayo. Atasema umeyatunga hapo hapo ili ujisafishe. Macho yake ni sauti yako, na siku hizi haiamini. Ukimwita jirani asome, mtaa mzima utajua kabla jua halijazama, na Mama atafedheheka kwa mabinti wawili badala ya mmoja. Nakujua, hutamfanyia hivyo. Nilipokaa kuandika nililifikiria na hilo.

Haya, endelea kwa sauti.

Naam, Mama, karatasi inaniishia. Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea pazia la dirisha lako, limekatwa kwa mkono wangu, lile la maua ya zambarau. Najua hutayaona vizuri, lakini mdogo wangu atakaa nawe akusimulie yalivyo, ua kwa ua. Yeye anajua kupinda, atalipinda na kulitundika. Akiona limepungua nusu inchi, aniandikie.

Usimgombeze sana. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, uwaambie nimepanda cheo. Dawa ya macho usiache. Mimi nakuombea afya njema na maisha marefu, na nitakuandikia tena nikipata nafasi. Mwisho wenyewe ni huu, mdogo wangu ausome taratibu, mara mbili, Mama ausikie vizuri:

Kwa heshima kubwa kuliko zote,
binti yako mkubwa.