Homa Wanayoitafuta Kisumu

Dada Zainabu,

Hamjambo huko Nakuru? Hapa Kisumu ni joto, na samaki wa ngege ni mtamu hata kwa mtu asiye na hamu ya kula.

Jana Mzee wa kitanda jirani, mwenye saratani ya figo kama mimi, alianza kutetemeka kwa homa baada ya sindano ya majaribio, ile ya kuamsha kinga ya mwili. Mkewe akatoa tembe za malaria mkobani, kwani huku ziwani homa ni malaria tu. Nesi akamzuia: "Mama, rudisha hizo. Hii homa ndio tulikuwa tunatafuta."

Daktari anasema homa ni dalili tu kwamba kinga imeamka, si ahadi ya kupona, lakini wodi nzima ilimpongeza Mzee. Mimi nimedungwa ile ile na mwili bado uko baridi.

Wasalimie watoto. Mkiniombea, niombeeni homa.

Mdogo wako,
Salim