Mistari ya Nyuma ya Nyumba

Masuguru, Korogwe

Kwa mjukuu wangu Mbaruku, huko Handeni.

Shikamoo yako naiitikia, ingawa hukuileta. Mimi mzima. Mbuzi amezaa, paa linavuja.

Siku ile ulipomshikia Mdachi kamba ya kupimia, alikuuliza nyuma ya nyumba yangu kuna nini. Ukamjibu, "Pori tu, bwana, halina mwenyewe." Nilikusikia. Na unajua pori wanalichukua wapande mkonge.

Basi nimelilima. Kivumbasi, mishubiri na maua yote ya mwituni nimeyang'oa, nikayapanda palepale kwa mistari. Jirani yangu Hamisa akacheka, "Bibi, siku hizi unapanda magugu?" Nikamwambia ashike jembe, mvivu yule.

Juzi akida wa Mdachi alikuja na daftari lake la mashamba. "Hii ni bustani, bibi?"

"Kwani huna macho?"

Akaandika bustani, akaenda zake. Sikufurahi wala sikulia. Niliingia ndani nikamenya mihogo.

Kaburi la mama yako liko mstari wa tatu, penye kivumbasi. Siku ile ulisimama juu yake, hukutazama chini. Ukija tena, kamba iache barabarani.

Ni mimi bibi yako,
Mwaija