Njaro na Koti la Kilindini

Sahibu yangu Athmani,

Mkeo Bi Rehema ametoka eda yako juma lililopita. Nguo zako amezitoa sadaka zote, kasoro lile koti la sufu ulilovaa kazini, katika vyumba vya barafu pale Kilindini. Kila aliyepewa alilirudisha. Kwa joto hili la Mombasa, nani atalivaa? Barazani sasa tunakaa kwa nafasi, na hakuna wa kunibishia.

Unaukumbuka ubishi wetu wa Kilimanjaro. Wewe ulishika kauli ya wazee wa misafara, kwamba Njaro ni jini la baridi na kilima ni chake. Watu walipanda kuchota fedha ing'aayo kileleni, wakashuka mikono mitupu, vidole vimekufa. Mimi, mwalimu wa jiografia, nilikueleza kila mara kwamba fedha ile ni theluji, huyeyuka ikiteremshwa, na kwamba asili ya jina haina yakini: Wachaga wana yao, nasi wa pwani tuna yetu. Ukinijibu, "Maalim, wewe umeisoma baridi. Mimi nashinda nayo."

Sasa binti yako Zuhura, anayesomesha Tononoka, alitaka kuupanda mlima huo na walimu wenzake. Mamake hali wala halali. Akaniita. "Mkanye mwanao, Maalim. Babake hakusema uongo." Alitaka nimtishe kwa Njaro, mimi niliyekucheka miaka yote. Zuhura alikuwa akiningoja, maana bila radhi ya mamake asingekwenda.

Nikaanza kueleza urefu na theluji, kama kawaida yangu. Nikakatiza. Wazee wale hawakuwa wakifasiri jina tu; walikuwa wakiwaonya wenzao, watu wa joto, wasiojua kwamba baridi huua. Basi nikamsimulia Njaro kama ulivyomsimulia wewe, bila kupunguza. Kisha nikamwomba Bi Rehema alete koti. Alilinusa kwanza. Akamvisha bintiye mwenyewe, akafunga vifungo hadi shingoni.

"Nenda," akasema. "Ila usiguse kitu cha wenyewe."

Ameondoka jana, Athmani. Mola akupanulie kaburi lako. Akirudi nitampokea mimi kituoni kwa niaba yako, na nakuahidi jambo ambalo hukuwahi kulipata kwangu: nitanyamaza, anieleze yeye.

Sahibu yako,
Maalim