Mkono wa Mtoto wa Achieng'

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi. Wauguzi wawili, inkubeta zimejaa, nyingine zina watoto wawili wawili. Dripu, maziwa kwa mrija, nepi, kupima joto, dripu tena. Sikuketi hata kidogo.

Mtoto wa Achieng' anaendelea vizuri. Msichana, kazaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake. Mama yake anauza samaki Luanda Kotieno. Anasema samaki wake wa ngege wanamshinda huyu kwa uzito, halafu anacheka peke yake.

Plasta zile zinazoonyesha ngozi zimeisha tangu mwezi jana. Kwa hiyo tunafunga sindano kwa bandeji, mkono mzima mpaka vidole. Huoni kitu. Ngozi ya mtoto njiti ni kama utando wa kitunguu. Maji yakitoka nje ya mshipa utajuaje? Nimeuliza stoo tena. Jibu ni lile lile: subiri, sista.

Jumanne, 4 Machi

Limetokea.

Nimeingia, nikafungua bandeji ya mtoto wa Achieng'. Mkono umevimba mpaka unang'aa. Nyuma ya kiganja kuna doa jeupe, pembeni zambarau. Baridi ukiugusa. Dripu ilikuwa na kalsiamu, nayo ikivuja chini ya ngozi huchoma kama moto. Ilivuja kwa muda gani? Hakuna anayejua. Mtoto alikuwa analia bila sauti. Hana nguvu ya kulia.

Nikafunga dripu. Sikuchomoa sindano kwanza. Nilivuta kwayo maji niliyoweza kuvuta. Daktari Kiprop akaja mbio. Akampa ganzi, akatoboa vitundu vidogo kwenye ngozi, tukapitisha maji safi ya chumvi kuosha ile sumu. Polepole. Bila kukanda. Kisha tukauinua mkono juu ya kitambaa. Dripu mpya tukaweka mguuni, na mguu nikauacha wazi.

Achieng' alikuwa chumba cha kukamulia maziwa. Hakuona.

Sista Consolata, mkuu wa wodi, akanivuta kando. "Mama akiuliza, mwambie ni maambukizi ya ngozi. Hawa watoto hupata." Alisema hivyo huku anapanga glavu. Sikumjibu. Nilipaswa kumjibu pale pale.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Achieng' ukweli. Nilimketisha kwenye benchi la nje. Nikasema, mama, dripu ilivuja, dawa imemchoma mtoto mkono, na sisi hatukuona mapema kwa sababu tulikuwa tumefunika.

Nilidhani atalia. Alisimama.

"Mmemchoma nyathina?"

Mtoto wangu, anasema. Akarudia mpaka korido nzima ikageuka kututazama. Akaniuliza kama mimi nina watoto. Nikasema wawili. Akaniuliza kama wao nimewachoma. Halafu: "Usimguse tena. Wewe usimguse."

Hakumkasirikia aliyefunga ile bandeji, hamjui. Hakumkasirikia wa stoo. Amenikasirikia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Ana haki. Inauma vilevile.

Ijumaa, 7 Machi

Doa limekuwa jeusi. Sehemu ya ngozi imekufa. Daktari wa upasuaji ameangalia: tusikate chochote sasa, tuache ijitenge yenyewe, shashi yenye mafuta isiyoshika kidonda, na dawa ya maumivu kabla ya kila kubadilisha. Kiprop ndiye anayemfunga. Mimi nasimama upande wa pili wa chumba, nawalisha wengine.

Tumeitwa kikao. Nilifikiri ni cha plasta. Kumbe ni cha kulinda jina la wodi. Nani alimwambia mama? Kwa ruhusa ya nani? Nikasema ni mimi. Consolata akasema nimewatupa wenzangu kwa mbwa. Wenzangu! Mwenye mkono ni nani?

Hakuna aliyetaja plasta. Nilipozitaja, wakasema hiyo si ajenda ya leo.

Nimefika nyumbani Nyalenda nikawafokea watoto bure.

Jumatatu, 10 Machi

Achieng' hanisalimii. Akinipita anatazama ukuta. Mtoto analala kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, mkono mgonjwa umetoka nje ya leso kama tawi lililoungua. Anaongezeka uzito hata hivyo. Maziwa yanaingia.

Nimezunguka wodi nikakata bandeji zote za dripu. Nimeshikiza sindano kwa vipande vyembamba vya plasta ya kawaida, sehemu ya kuingilia ikiwa wazi. Muuguzi wa mchana amezifunga tena. Anasema zinang'oka. Kweli, moja iling'oka. Nikakata tena.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya ajabu.

Achieng' amekwenda ofisi ya msimamizi wa hospitali. Hakuwa na miadi. Akaketi sakafuni mlangoni, akakataa kuondoka. Mlinzi alijaribu kumwinua, akamwambia, "Baba, niguse uone." Wageni wa msimamizi walikuwa wanamruka. Mwishowe msimamizi mwenyewe akatoka kumsikiliza. Alichotaka ni kimoja: watoto wasifunikwe mikono.

Jioni katoni la plasta za kuonyesha ngozi likaletwa wodini. Halikutoka Nairobi. Halikununuliwa. Lilikuwa hapa hapa, kwenye stoo ya wodi ya wanaolipia. Ng'ambo ya uwanja tu!

Nilisambaza "subiri" yao kwa wiki nyingi kana kwamba ni jibu. Na plasta ziko pale, kavu, zinasubiri ngozi za watu wengine. Nimemuuliza Consolata kama alijua. Akasema hakujua. Nadhani ni kweli. Hilo halikunipoza.

Jumanne, 18 Machi

Nimehamishwa. Kuanzia kesho niko kliniki ya wagonjwa wa nje, chumba cha kufunga vidonda. Wanaita mzunguko wa kawaida wa wafanyakazi. Kawaida yao hiyo, mbona nimezunguka peke yangu?

Kiprop alinifuata mpaka getini akasema pole. Nikamwambia aangalie mikono ya watoto.

Wodi nzima sasa ni plasta za kuonyesha. Mimi nimetolewa. Nashindwa kufurahi, na nakasirika kwamba nashindwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Foleni fupi. Mzee wa kidonda cha kisukari kutoka Kisian, kijana wa bodaboda aliyechunika goti.

Kisha Achieng'. Wametoka wodini juma lililopita. Alisimama mlangoni, viatu vimejaa matope. Aliniona. Mwenzangu alikuwa meza ya pili, hana mtu. Nilimwonyesha ile meza.

Hakwenda. Alikuja kwangu, akafungua leso, akamweka mtoto mapajani mwangu.

"Anaitwa Awino," alisema.

Nilifungua shashi. Kidonda chekundu, safi, kinajifunga kutoka pembeni. Kidole cha mwisho kimejikunja, kovu linakivuta. Nilimwonyesha Achieng' jinsi ya kukinyoosha taratibu kila akimwogesha, na nikamwambia kwamba huenda kisinyooke chote. Akakishika, akajaribu. Mtoto akapiga miayo.

Tulingoja mvua ipungue.