Mate Yalikuwa Yangu, Jumanne

Mjukuu wangu Jumanne,

Wewe ni mpumbavu. Nimelitanguliza neno hilo kabla ya salamu ili nisije nikalisahau. Mtu anapewa karatasi ya rufaa, anaambiwa Jumatatu kitanda chako kiko tayari Dar es Salaam, nenda ukapigwe mionzi upone. Yeye anaikunja anaisukumia chini ya godoro, anapanda basi kwenda kujificha Itigi kwa baba yake mdogo kama mwizi wa kuku! Na simu umezima. Haya, nimeshika kalamu. Mwandiko wangu ni ule wa elimu ya watu wazima, unaujua, lakini utausoma. Bahasha sijaitia gundi, makusudi. Baba yako mdogo aisome, mkewe aisome, na konda wa basi akitaka aisome njiani.

Najua kilichokukimbiza. Kansa ulikuwa umeipokea kiume. Siku mliyorudi na majibu ya kile kinyama walichokukata nyuma ya pua, Zuhura mkeo alisimama hapa uani kwangu, majirani wapo, akasema, "Daktari kasema ndani ya huo uvimbe kuna kirusi. Kinapita kwenye mate. Na ukoo wake ni mmoja na yale malengelenge ya zinaa. Sasa nakuuliza mbele ya bibi yako, Jumanne. Mate ya nani?"

Ukachezea kifungo cha shati. Na mimi, ambaye Mtinko nzima inaujua mdomo wangu, sikujibu pia. Kesho yake ukaondoka.

Nilinyamaza kwa sababu mate yaliyotangulia kuingia kinywani mwako nayajua. Ni yangu.

Ulikuwa na miezi saba. Mama yako, Mungu amrehemu, alilazwa mjini na maziwa yakamkauka. Mwaka ule mvua ilikatika mapema, ng'ombe wamehamishiwa malishoni upande wa Mgori, hata maziwa ya kikombe hakuna. Ningekupa nini? Nikakutafunia, kama mama yangu alivyonitafunia mimi. Ugali wa uwele, karanga, nyama ya kuku siku akichinjwa. Natafuna mpaka inakuwa uji, nakutia kwa kidole. Ulikuwa huna subira wewe. Unanivuta kidevu, unanichungulia mdomoni kuona kama kimebaki. Mama yako aliporudi akakukuta una mashavu, akacheka, "Mama, huyu mume wako umemnenepesha!" Ndipo nilipoanza kukuita mume wangu.

Nilijivunia mashavu yale miaka yote. Tangu aliposema Zuhura, chakula hakinipiti.

Basi juzi nikapanda gari mpaka mjini, nikaenda kumkalia mlangoni yule daktari wako, yule binti. Akaniamkia vizuri. Nikamwambia sikuja kusalimiana. "Mimi ndiye niliyemtafunia Jumanne chakula. Andika kwenye faili lake kwamba aliyempa ugonjwa ni bibi yake."

Akavuta kiti akakaa. "Bibi, hicho kirusi hata mimi ninacho."

"Wewe? Na usafi wote huo?"

"Mimi, na nesi pale, na karibu kila mtu uliyempita kwenye foleni. Tunakipata utotoni. Mate ya mama, ya bibi, kikombe kimoja na ndugu zako. Kikishaingia hakitoki, kinalala tu. Ni kweli malengelenge ni ndugu yake. Hata tetekuwanga ni ndugu yake. Sasa mtoto akitoka tetekuwanga, nani anamuuliza alikuwa na mwanamke gani?"

Nilicheka, Jumanne. Pale pale kwenye msiba wangu nikacheka. Halafu nikamuuliza, kama sote tunacho, mbona kimemgeukia huyu peke yake?

"Wachache sana kinawageukia," akasema. "Pengine ni damu ya ukoo, pengine vyakula fulani, pengine moshi wa sigara. Hatujui yote. Na mate yalikuwa ya nani, bibi, hakuna kipimo cha kujua. Anaweza kuwa alikipata kwako, au kwa mama yake, au kwa watoto wenzake."

Jibu hilo sikulipenda. Nilitaka ndiyo au hapana. Lakini akaniambia na hili, nawe ulishike: kansa yenyewe haimrukii mke wala mtoto. Nikamuuliza la mwisho, atapona? Akafungua faili lako. "Uvimbe wa aina yake unaisikia mionzi, ukiwahiwa. Bado haujaenda mbali. Akizembea miezi mingine, usiniulize tena swali hilo, bibi, maana sitakuwa na jibu kama hili."

Miezi mingine. Sisi tumeshapoteza mingapi? Na hapo najisema mimi. Wakati wa kukamua alizeti nilikuita mara tatu ukiwa mashineni, ukakaa kimya. Nikasema mtoto ameota mapembe, nikakurushia kandambili ikakupata mgongoni. Ukageuka ukasema, "Bibi, sikio hili limeziba." Nikakujibu, "Limezibwa na jeuri." Ukaanza kutoka damu puani, tundu moja, nikasema ni vumbi la makapi. Shingo ikavimba, nikasema ni mtoki, nikakukanda kwa chumvi ya moto mpaka ngozi ikababuka. Ulikuwa unasaga meno ukivumilia, kwa heshima. Ningekupeleka hospitali siku ile ya kandambili, leo tungekuwa tunaongea mengine. Siombi radhi mara mbili, kwa hiyo isome vizuri hii moja: nilikosea, nisamehe.

Hapa niliweka kalamu. Zuhura aliingia na mtoto mgongoni, nikamwambia kaa usome mpaka nilipofika. Akasoma. Akarudi nyuma akasoma tena pale pa ugali. Akamshusha mtoto, akamwangalia, kisha akaniambia, "Bibi, na mimi huyu namtafunia. Hata leo asubuhi."

Nikamwambia, "Acha. Kijiko kipo na kinu kipo, mpondee."

"Sasa nimemwambukiza?"

"Jiulize kwanza kama wewe mwenyewe hunacho, kisha uniambie ulikipata kwa bwana gani."

Alilia yule, na mimi sikumbembeleza. Maneno yake ya uani yalistahili kilio. Alipomaliza alikwenda kwenu, akainua godoro, akarudi na karatasi ya rufaa. Imepata mikunjo lakini maandishi yanasomeka. Anasema harudi kwao kama alivyokusudia, anakwenda na wewe. Mtoto atabaki na mimi.

Naogopa, mume wangu. Sijawahi kukuambia neno hilo wala mtu mwingine. Nimemzika mama yako, nimemzika babu yako, na nilisimama. Wewe sitaweza. Kwa hiyo usiniletee aibu ya mate, mate ni yangu, nimeshayatangaza kwa majirani wale wale, wanicheke mimi. Wewe huna sababu ya kujificha tena.

Barua hii utaipata Ijumaa. Ukimaliza kuisoma washa simu umpigie mkeo, kabla hujala. Jumamosi alfajiri panda basi la kwanza la kwenda Manyoni. Zuhura atakuwa stendi ana karatasi na nguo zako, na mtaunganisha moja kwa moja mpaka Dar es Salaam, bila kulala kwa shemeji wala kwa rafiki. Jumatatu asubuhi uwe mlangoni pa wodi. Wakikuambia ulale ulale, wakikuambia siku thelathini au arobaini usihesabu. Na wewe baba yake mdogo, unayeisoma hii: mtoe nyumbani mwako, mfungie mlango nyuma yake.

Nenda.

Bibi yako, mzaa mama